Panya wa Kaka na Vidonge vya Wifi

Kaka yangu analisha panya. Ndiyo kazi yake, msicheke. Yuko kwenye maabara, na panya wake ni weupe, wasafi kuliko yeye. Kila jioni anatusimulia habari zao: nani ana mimba, nani kazaa, nani mkali.

Mkewe ni fundi cherehani. Huyu wifi yangu nampenda, ingawa asubuhi ana kisirani. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Alitaka mtoto, na mtoto haji.

Jioni moja kaka akaingia anacheka.

"Mke wangu, panya waliopewa vitamini A wamezaa! Vizimba vimejaa watoto!"

Wifi akasimamisha cherehani. "Vitamini A? Si zinauzwa duka la dawa?"

Kesho yake akanunua vidonge vya vitamini A. Akaongeza vidonge vya vitamini mchanganyiko, na chupa ya mafuta ya ini la samaki. Akawa anameza vyote, asubuhi na jioni.

"Wifi, utashiba dawa, chakula tutamwachia nani?" nikamtania.

"Kula wewe, wifi. Mimi nina shughuli."

Ikapita miezi. Siku moja akaninong'oneza, "Nimepitisha siku zangu." Jamani, nilimkumbatia mpaka akalalamika! Jioni tukamwita jirani yetu, nesi wa kliniki ya wajawazito. Alipoziona zile chupa, uso ukambadilika.

"Nani kakuandikia hizi?"

"Hakuna, dada. Ni vitamini tu. Zina ubaya gani?"

"Vidonge hivi vina vitamini A. Hivi navyo vina. Mafuta haya pia. Unajirundikia. Vitamini A ikizidi haitoki kwa mkojo, inabaki kwenye ini. Ikizidi sana, inaweza kumdhuru mtoto tumboni."

Wifi akaketi. "Lakini panya walizaa!"

Nesi akamgeukia kaka. "Kabla ya vitamini, panya hao walikuwa wakila nini?"

"Chakula kisicho na vitamini A. Walinyimwa makusudi, ili watafiti waone itakuwaje."

"Basi waliondolewa upungufu. Mkeo kanyimwa na nani? Na kama kuna waliopewa kupita kiasi, ilikuwaje kwao?"

Kaka akainamisha kichwa. "Wale... mimba ziliharibika. Wengine walizaa watoto wenye kasoro."

"Mbona hukuniambia?" wifi akauliza, machozi yakimlenga.

"Nilitaka ufurahi, mke wangu. Habari mbaya niliziacha kazini."

Nilitamani kumzaba kofi na kumkumbatia papo hapo.

Nesi akashusha sauti. "Panya si mtu. Wanatupa dalili tu. Kipimo cha mtu kinatoka kwa mhudumu wa afya. Acha hizi kuanzia leo. Mboga, karoti na mayai, kula kama kawaida. Kliniki watakupa vidonge vya asidi foliki, vya kumkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Hivyo vinatakiwa, na ni vizuri mwanamke aanze hata kabla ya mimba. Kesho njoo, na chupa zote uje nazo tuzione."

Walikwenda. Mimba ilikuwepo. Daktari hakuahidi kitu. Alisema watamfuatilia kwa karibu.

Miezi ile ilikuwa mirefu! Wifi alimeza alichopewa kliniki tu. Tulikuwa na hofu, sifichi. Kaka naye akawa anasema kila kitu, kizuri na kibaya. Hata mchuzi wangu akausema hauna chumvi. Tukamvumilia.

Mtoto akazaliwa, wa kike, na kilio chake wodi nzima ikakisikia. Mkunga akamkagua kuanzia kichwani mpaka nyayoni.

"Mzima," akasema.

"Mzima kweli?" wifi akauliza. "Niambie yote, usinifiche."

"Mzima kabisa, mama. Sina ninachokuficha."

Ndipo wifi akamshika mumewe mkono. Na kaka yangu, mwanamume mzima, akalia kumshinda mtoto.