Roboti Aliyenipiga Teke Ziwani

"Niachie, Merina! Niachie mkono!"

Hayo ni maneno ya Nasri, mchumba wangu, tukiwa ndani ya maji. Kisha akanipiga teke la tumbo!

Ndiyo… ile klipu mnayosambaziana. Yule dada anayelia ni mimi. Yule roboti ni Nasri.

Jamani, nisomeni mpaka mwisho. Mama yake anazisoma komenti zenu na hali chakula.

Tulikuwa tunarekodi filamu ziwani, pale ufukwe wa Kibirizi. Roboti anamwokoa binti asiyemwamini. Tulichagua siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa, wanaotegemea giza na taa, hawaingii ziwani na mitumbwi imelala ufukweni.

Nasri alivaa bati, shingoni mpaka magotini, limefungwa kwa nati ubavuni, na juu yake kichwa cha roboti cha plastiki.

"Bariki, na jaketi la kuokolea?" nilimuuliza dairekta.

"Roboti gani anavaa jaketi, dada? Utaniharibia picha!"

Tukacheka. Yeye akabaki nchi kavu na kamera, sisi wawili tukapiga kasia mita kama mia. Upepo ukageuka ghafla, mtumbwi ukalala ubavu… sote majini!

Kuogelea najua kwa kubahatisha tu. Nikamng'ang'ania.

"Nasri, usiniache!"

"Bati linajaa maji! Niachie!"

"Siachii!"

Ndipo teke. Likanisukuma mpaka kwenye dumu lililokuwa linaelea. Nikalikumbatia, nikageuka nimtukane…

Hayupo!

Kichwa cha roboti tu, kinaelea kama sufuria.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakasukuma mtumbwi, wakanikuta mimi peke yangu.

"Mwanangu," aliniambia mmoja wao, Mzee Selestini, akinivuta, "asingekupiga teke, mngezama wote."

Na nyie mnamwita katili! Eti mwanaume mzima kaokoa roho yake!

Sasa nawaambia kitu ambacho hata Bariki hajui.

Zile nati ni za kufungua kwa vidole. Siku zote Nasri alikuwa anazifungua mwenyewe, sekunde tu bati linadondoka.

Asubuhi ile niliona meseji kwenye simu yake. Gloriose, fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga: "Ukipata nafasi pita."

Wivu ukanipanda. Kila mapumziko lazima atoroke, kumbe anaenda huko! Nikajisemea, leo hutoki.

Wakati namvalisha, nikachukua plaizi. Nikazikaza nati zote nne. Akacheka, "Mbona unanibana hivyo, mama?"

Rudieni klipu, tazameni baada ya teke. Mikono yake iko ubavuni. Mnasema anapiga mbizi akimbie. Anahangaika na nati!

Leo siku ya tatu, hajaonekana. Gloriose alikuja msibani, akakaa karibu yangu. Sikumuuliza. Nitamuuliza nini sasa?

Ukimshuku mwenzio, muulize. Akikudanganya, utalia, utapona. Mimi sikuuliza.

Nikimaliza kuandika hapa naenda kwa mama yake kumwambia kwa mdomo wangu. Naogopa.

Matusi yenu nileteeni mimi. Nasri mwacheni.