Waya wa Bi Tausi

Kikagua-paa kilipanda ukuta wa nyumba ya Bi Zena bila ngazi, kikatambaa juu ya mabati kwa miguu yake sita inayonata, kikaanza kugonga paneli za jua moja moja kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Siku hizi Singida nzima ilikaguliwa na vyombo hivyo. Hakukuwa tena na afisa wa kusubiriwa wala kununuliwa soda. Chombo kikiridhika, hubandika muhuri. Kisiporidhika, huifunga betri na nyumba hulala giza.

Uani alisimama Mhandisi Tatu, binti wa Bi Zena. Ndiye aliyekibuni chombo hicho na kukipa sheria zake, na leo alikuja kwa mama yake kifua mbele. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Ombi la muhuri limekataliwa," sauti ya chombo ilisema kutoka juu. "Kuna waya unaovuka ukuta kwenda kwa jirani. Uondolewe kabla ya jua kuzama."

Tatu aligeuka. "Mama, umempa Bi Tausi umeme? Si hamsemezani tangu kuku wake wamalize mchicha wako?"

"Hatusemezani. Lakini anapumulia mashine ya oksijeni, na mabati yake yameoza, hayabebi paneli. Nimwache akate roho kwa ajili ya mchicha?"

Sheria ile Tatu hakuiandika kwa ukatili. Fundi aliyemfundisha kazi alifia juu ya nguzo akidhani laini imezimwa, kumbe umeme ulikuwa ukirudi kupitia waya wa kuungaunga kama huu. Alimpenda fundi yule. Hata hivyo, mbele ya mama yake aliona aibu.

"Hicho kidude chako kinakataza umeme kuvuka ukuta," Bi Zena alisema. "Kinakataza na mtu?"

"Idadi ya wakazi haihusiki na ukaguzi," kilijibu chenyewe.

Bi Zena akajifunga kanga kiunoni, akatoka, Tatu nyuma yake. Walimkuta Bi Tausi kitandani, mrija puani.

"Inuka," Bi Zena alimwambia, bila hata salamu. "Unahamia kwangu."

"Siji. Na kuku wangu?"

"Na kuku wako! Inuka, mwenzangu, jua linazama."

Tatu alibeba mashine, iliyokuwa na chaji kidogo, mama yake akambeba mgonjwa. Mara tu walipomlaza na kuichomeka upya, Tatu aliukata waya. Kikagua-paa kikabandika muhuri, kikashuka.

"Subiri," Tatu alikiambia. "Katika mtaa huu umeamuru nyaya ngapi ziondolewe leo?"

"Mmoja mwingine. Nyumba ya kona, asubuhi."

"Upande wa pili wa waya huo kulikuwa na nani?"

"Sikupangiwa kuuliza hilo."

Tatu alikwenda mbio hadi kwenye nyumba ya kona. Nyumba iliyopakana nayo haikuwa na taa. Alipiga hodi, akangoja, akapiga tena.