Alama Zote za Mama Pacha

Asubuhi hiyo Mama Pacha alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Mumewe alionja, akakunja uso.

"Mke wangu, una nini leo?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyeniponza!"

Mama Pacha ni dobi wa hospitali. Kazini kwake ililetwa mashine mpya ya kunyoosha mashuka. Ina silinda ya moto inayozunguka. Wafanyakazi walitumiwa masomo mafupi kwenye simu, kila somo na maswali yake. Mama Pacha alikuwa akirudi nyumbani hoi, simu anamwachia mumewe. Mumewe ni dereva, na kwa mashindano hajambo. Alijibu maswali yote, akapata yote.

Basi msimamizi akampongeza Mama Pacha mbele ya watu. Akamchagua awafundishe wenzake. Leo! Na mashine yenyewe hajaigusa.

"Sikiliza, nikuelekeze," mumewe alisema. "Unaanza na kitufe cha kijani..."

"Hiyo mashine umeiona wapi wewe?"

Mumewe akanywa chai ile ile ya chumvi.

Kazini Mama Pacha alikuwa roho juu. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Madobi wenzake wakaizunguka mashine.

"Dada, washa basi!" alisema binti mmoja, mgeni kazini. "Tunakufuata wewe."

Mama Pacha aliitazama mikono yao. Akaogopa kweli. Alimfuata msimamizi mbio.

"Bosi, nisamehe. Masomo alijibu mume wangu. Mimi sijui kitu."

Msimamizi alifoka. Lakini fundi wa mashine, mama mcheshi, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Basi tumwajiri mumewe! Ila bosi, na wewe una lako. Umewapa watu masomo wakasome wamechoka. Wape muda hapa kazini. Wakae wawili wawili, wasome somo moja, kisha walifanye papo hapo kwenye mashine. Asiyeelewa aulize, na asichekwe."

Msimamizi alikubali shingo upande. Wakaanza upya. Mama Pacha aliuliza maswali mpaka fundi akambandika jina, Mama Kwa Nini.

Siku moja shuka lilijiviringisha kwenye silinda. Yule binti akapeleka mkono alivute. Mama Pacha hakungoja kufikiri. Alipiga kitufe chekundu, mashine ikasimama.

Binti aliutazama mkono wake, mzima, akaanza kulia. Mama Pacha akamshika mkono huo huo, akauweka juu ya kitufe chekundu.

"Sasa bonyeza wewe," alimwambia. "Tena. Bonyeza tena."