Ndoo Chini ya Kiyoyozi

Mimi si mtu wa kuamini uchawi, lakini haya yalimpata kaka yangu Séverin, hapa hapa Kisangani.

Bosi wake alipoondoka alimwachia karavani, nyumba ya magurudumu, na Séverin akaiegesha mtaa wa Simi-Simi. Akahamia humo kwa ajili ya binti yake Lucie, mwenye pumu. Katika nyumba yao ya zamani ukungu wa unyevu ulikuwa umefika hadi kwenye godoro, na daktari alitaka mtoto apate hewa kavu. Karavani ilikuwa na kiyoyozi. Séverin akaziba kila tundu, akawasha, akaweka ndoo nje chini ya bomba. Maji yakatiririka, kifua cha Lucie kikafunguka, tukashukuru.

Mama yake Lucie, Glodie, alikufa maji mtoni karibu na Yanonge mwaka jana. Mwili haukuonekana.

Baada ya muda kuta za ndani zikaanza kutoa jasho. Ndoo ikawa inajaa kabla chai haijapoa. Mimi hutia maji ya kiyoyozi kwenye betri ya pikipiki, maana huwa safi. Haya yalikuwa na matope. Yalinuka mto.

Kifua cha Lucie kikaanza tena kupiga filimbi. Nikasema tumtoe. Kaka akanishika mkono huku analia.

"Petit, mdogo wangu, hospitali tumetoka. Nje iko mvua. Nitamupeleka wapi tena?"

Mchana huo umeme ukakatika. Kiyoyozi kikanyamaza. Maji yakaendelea kutoka.

"Tonton," Lucie akaninong'oneza mimi baba yake mdogo, "mama iko ananisuka."

Asubuhi nywele zake zilikuwa timtim, kwa kuwa Séverin hakujua kusuka. Sasa zilikuwa na misuko. Imelowa.

Nilitaka kukimbia. Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

Séverin akapiga magoti kwenye sakafu iliyojaa maji. "Glodie, tafazali. Achia mutoto apumue. Kama unataka mutu, kamata mimi."

Bomba likakauka. Lucie akavuta pumzi. Ndefu. Nikamkumbatia kwa furaha, nikageuka kumwambia kaka.

Bado alikuwa amepiga magoti. Hapumui. Nilipomlaza, maji ya matope yakamtoka mdomoni. Daktari akaniuliza alizama sehemu gani ya mto.

Lucie anaishi kwangu, na hajakohoa tena. Nywele zake hatuzigusi. Kila Jumapili anaamka zimesukwa, zimelowa. Upande mmoja umenyooka vizuri. Upande wa pili ni hovyo hovyo, kazi ya mtu anayejifunza.