Moto wa Mjane

Harufu ilianza kwenye barabara kuu ya 35, Yasinta akitoka DeSoto kwenda Dallas. Ilikuwa harufu ya kitu kinachoungua, ndogo tu, ya kumfanya mtu ajiulize kama ameacha sufuria jikoni. Alitazama kipimo cha joto la injini: kiko katikati. Breki ya mkono: imeshuka. Akazima kiyoyozi, akafungua vioo, joto la Agosti likaingia lote na harufu isitoke.

"Queen, unasikia harufu?"

"It's just smoke, Mommy," binti yake wa miaka saba akajibu kutoka kiti cha nyuma. Mtoto huyu ukimsemesha Kiswahili hukurudishia Kiingereza, kila mara, hata ukimbembeleza.

Yasinta hakuogopa. Tangu mumewe Deo afe, hakuwa anaogopa wala kufurahi wala kulia. Deo alikwenda Houston kikazi, moyo ukasimama akiwa ndani ya gari hilihili, injini bado inaunguruma. Mwili ukasafirishwa kwao Muleba. Yasinta, ambaye makaratasi yake ya uhamiaji hayakumruhusu kutoka na kurudi, alilifuata gari kule Houston, akaliendesha mpaka nyumbani, na kesho yake akaingia zamu yake ya unesi. Watu wakamsifu, mama jasiri. Jasiri wapi! Alikuwa amekufa ganzi, na ganzi ukiitazama kwa mbali hufanana na ushujaa.

Kwao Deo, moto wa matanga huwashwa uani, na anayeuzima ni mjane peke yake, baada ya kumlilia mumewe mbele yake. Siku ya kuanua matanga wifi alipiga simu.

"Wifi, tunaiweka simu hapa kando ya moto. Lia, halafu tumwage maji kwa niaba yako."

Yasinta alikuwa amevaa glavu, mgonjwa anamsubiri. "Zimeni tu, wifi. Niko kazini."

Wakazima. Harufu ilianza wiki hiyohiyo, naye hakumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio chenyewe ndicho alichokosa.

Fundi Polycarpe, Mkongomani mwenye gereji nyuma ya nyumba yake Haltom City, aliinua boneti. "Mama Queen, oili inatonya juu ya échappement, ile bomba ya moshi. Ikipata moto, inaungua. Ni joint tu, ile mpira ya kuzuia oili, imechoka."

Akaibadilisha, na harufu ya oili ikaisha kweli. Akapapasa magurudumu, akakuta moja la nyuma lina joto kali, breki imeng'ang'ania. Akairekebisha pia. Baada ya siku chache harufu ikarudi, na safari hii Yasinta akaitambua. Haikuwa mpira wala waya. Ilikuwa ya kuni mbichi na majani makavu ya migomba.

Alasiri moja wakitoka shule, Queen akawa ananong'ona kule nyuma.

"Unaongea na nani?"

"Nobody. He's cold, Mommy."

Kiti cha mbele kando ya Yasinta kilikuwa kitupu, lakini mkanda wake ulikuwa umefungwa, na yeye hakuwa ameufunga, na kiyoyozi alichokiweka kwenye baridi ya mwisho kikaanza kupuliza hewa ya kubabua, yenye majivu mepesi yaliyotua juu ya mikono yake na juu ya usukani na juu ya kile kiti kitupu, ila kwenye kiti hayakufika chini, yalibaki hewani kana kwamba yametua kwenye mapaja ya mtu, na Queen akacheka taratibu, akanyoosha viganja vyake mbele kati ya viti, akaota moto.

Hapo Yasinta akajua kinachotakiwa si gari. Ni mtoto. Akageuza kwenda Haltom City.

Polycarpe alichukua ufunguo akaenda kulijaribu peke yake. Alirudi kwa miguu. Gari aliliacha mwisho wa mtaa, mlango wazi.

"Ile moshi ni ya kilio, hata kwetu tunaijua. Moto ya matanga ya bwana yako, nani aliizima?" aliuliza kwa sauti ya chini, jasho linamtiririka. Yasinta akamweleza habari ya simu. Fundi akatikisa kichwa. "Basi ile si bwana yako. Mufu hakai mu gari. Ni jini. Moto ikikosa mwenyewe, jini anaifuata. Tutawasha ingine hapa, utalia, utaizima na mukono yako. Lakini ulie kweli, mama. Yule hadanganywi."

Wakawasha kuni ndani ya pipa. Yasinta akaketi juu ya tairi kuukuu na Queen kando yake. Alimkumbuka Deo akimwita bibie, alikumbuka kidole gumba chake kikimfuta machozi siku walipoagana na ndugu uwanja wa ndege. Alisubiri. Hakuna kilichokuja. Lakini mwanamke aliyekulia kwenye misiba hakosi ujuzi wa kulia. Akajifunika khanga usoni, akapaza sauti: "Mume wangu wee, umeniacha na nani!" Polycarpe akafuta macho yake mwenyewe. Chini ya khanga mashavu ya mjane yalikuwa makavu. Akamwaga maji, moto ukafa.

Gari lilirudi DeSoto likiwa na ubaridi mzuri, bila harufu yoyote. Yasinta aliliegesha akihisi kitu kinachokaribia kuitwa furaha. Alipomfungua Queen mkanda, akasikia harufu ya kuni kwenye nywele zake. Ni moshi wa pipa, akajiambia. Akamwogesha, akamwosha nywele kwa sabuni nyingi. Harufu ikazidi. Akainama karibu, na ndipo alipotambua inatoka kinywani, kila mtoto anapopumua.

Akamshika paji la uso. Lilikuwa la moto kama jiwe la jikoni.

Ganzi ikakatika. Machozi yakamtoka Yasinta, ya kweli, mengi, ya Deo na ya mtoto kwa pamoja, hata akashindwa kupiga simu aliyokuwa ameishika. Queen akainua mkono, akamfuta kwa kidole gumba, polepole, shavu moja kisha lingine.

"Haya ndiyo niliyokuwa nayasubiri pale motoni, bibie," akasema kwa Kiswahili kisafi. "Sasa moto umeshauzima."