Betri ya Moyo Haianikwi Juani

Mwanamkuu na mumewe Sadala, wazazi wa Hanifa, walikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mto. Kwa miaka thelathini walivuka pamoja kwa mtumbwi. Mke alikaa mbele na kafi lake, mume nyuma na lake. Walipiga kafi kwa pamoja, na mtumbwi ulikwenda moja kwa moja. Watu wa kijiji chao, huko delta ya Rufiji, waliwatania kwamba wawili hawa hata wakinuniana, makafi yao hayanuniani.

Halafu Sadala akaanza kuchoka. Alipiga kafi mara kumi, akapumzika akihema. Miguu yote miwili ikavimba. Akawa hawezi kulala mpaka aegemee mito mitatu. Majirani wakasema ni matende, maana matende ni ugonjwa wa huku na kila mtu anajiona bingwa wa kuyatambua. Mwanamkuu naye akaamini. Alimkanda mumewe kwa maji ya moto miezi miwili mizima, na mumewe akazidi kuvimba.

Aliyegundua ni Sista Consolatha, muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Bukoba. Alimbonyeza Sadala kwenye muundi, mbele ya mguu chini ya goti, kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Anahema hivi kila siku?" aliuliza.

"Kila siku. Na kulala ni kwa mito."

"Basi, Mama Hanifa, sidhani kama haya ni matende. Nadhani moyo wa mzee umechoka kusukuma damu. Maji yanajaa miguuni na kifuani. Mpeleke hospitali upesi."

Walikwenda Kibiti, kisha Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa. Sadala alipewa vidonge, akapata nafuu kidogo tu. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha sababu. Moyo una pande mbili zinazosukuma damu, na zinatakiwa kusukuma kwa pamoja. Upande wa kushoto wa moyo wake ulikuwa unachelewa. Mwanamkuu alielewa mara moja. Alikwisha kupanda mtumbwi na mtu anayechelewesha kafi. Mnatoka jasho na hamfiki.

Madaktari wakamwekea Sadala kifaa kidogo chini ya ngozi, kifuani upande wa kushoto. Nyaya zake nyembamba zinafika moyoni, zinazipa pande mbili ishara zipige pamoja. Si kila mwenye moyo dhaifu anahitaji kifaa hiki, walisema, lakini mzee huyu anakihitaji. Ndani yake mna betri.

Sasa, nani kijijini asiyejua betri? Betri za redio zikichoka, unazianika juani, unasikiliza taarifa ya habari siku mbili zaidi. Kwa hiyo waliporudi nyumbani, kila asubuhi Mwanamkuu alitandika mkeka uani. Alimkalisha mumewe kifua wazi kuelekea jua, naye akakaa mbele yake akichambua mchele. Sadala hakubisha. Alikaa ametulia, akipiga soga. Vidonge vilipoisha hawakufuata vingine. Betri ipo, vidonge vya nini? Na ng'onda, yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi ambaye hospitali iliwakataza, akarudi kwenye sinia.

Wiki ya sita miguu ya Sadala haikuingia kwenye makubadhi. Asubuhi moja alisimama uani, akashindwa kufika mlangoni. Mwanamkuu akamshika, akasikia kuhema kule kwa zamani. Alimpenda sana mzee huyu, na hakuona haya kulia mbele yake.

"Usiniache, Baba Hanifa. Ng'ambo nitavuka na nani?"

Jirani alimkimbilia Sista Consolatha. Sista akafika, akamchoma Sadala sindano ya kupunguza maji, akaagiza boti ya kumpeleka Kibiti.

"Vidonge anakunywa?" aliuliza wakati wakisubiri boti.

"Vya nini, Sista? Si ana betri? Na kila siku naianika."

Sista alitaka kucheka. Alipoyaona machozi, aliketi mkekani.

"Mama Hanifa, betri hii haianikwi. Imefungwa humo ndani na inakaa miaka. Hospitali ndiyo inayoipima, kwa tarehe zilizo kwenye kadi yenu. Ikikaribia kuisha, wao watabadilisha kifaa."

"Na vidonge?"

"Betri inawaambia wapiga kafi wapige pamoja. Haiwapi nguvu mikononi, wala haichoti maji yaliyoingia mtumbwini. Hiyo ni kazi ya vidonge. Na chumvi ndiyo inayoyarudisha maji."

"Kumbe mimi ndiye niliyetaka kumuua."

"Vidonge hata mimi nilivichoka," Sadala alisema taratibu. "Kosa ni letu sote."

"Na sisi tulipaswa kueleza vizuri zaidi," alisema Sista. "Sasa sikieni. Vidonge kila siku. Chumvi kidogo sana. Mkono wa kushoto usiinuliwe juu ya bega mpaka daktari aruhusu. Simu ya mkononi, mzee asikilizie sikio la kulia. Akiona kizunguzungu, akizimia, akivimba, au kidonda cha kifuani kikitoa usaha, msingoje. Njooni."

Sadala alilazwa siku nane, akarudi akitembea mwenyewe. Mwanamkuu akawafundisha majirani kubonyeza muundi, na wawili kati yao, walipoona shimo linabaki, wakaenda zahanati. Miezi ikapita. Kliniki ikampima Sadala, ikamruhusu kushika kafi, taratibu.

Siku hiyo walivuka. Mke mbele, mume nyuma.

"Baba Hanifa, kule hospitali hawakukwambia kuwa betri haianikwi?"

"Waliniambia."

"Sasa mbona ulikaa juani siku zote zile?"

Sadala alipiga kafi mara mbili kabla ya kujibu.

"Miaka thelathini nakuona mgongo tu, Mama Hanifa. Pale mkekani ulikuwa unanitazama."

Mwanamkuu hakugeuka. Hakutaka mtumbwi uyumbe. Lakini kesho yake asubuhi alitandika mkeka uani, safari hii kivulini. Alimpa mumewe vidonge vyake na kikombe cha maji, akakaa mbele yake, akamtazama mpaka alipomeza cha mwisho.