Mapipa Matatu, Lori Moja

Tamasha la mazingira lilikuwa linanuka. Chini ya bango la "Tunza Dunia Yako" vikombe vya plastiki vilikanyagwa ovyo, na soda iliyomwagika ilifanya viatu vinate. Mwalimu wa chekechea, ndani ya gauni la kijani alilolipiga pasi mara mbili, aliziba pua huku akiwapanga watoto wake mbele ya mapipa matatu: la chupa, la karatasi na la mabaki ya chakula. Somo hilo la kutenga taka alilipata kwa mchumba wake, dereva wa lori la taka. "Kila pipa lina njia yake, kipenzi," alimwambia siku walipojuana, naye akampenda hapohapo. Jioni hiyo alikuwa ampeleke kwa mama yake.

Hakutegemea kumwona pale, maana zamu yake ilikuwa mtaa mwingine. Lakini lori lililoingia kinyumenyume lilikuwa lake, na aliyeruka chini na ovaroli ni yeye. Akanyanyua pipa la kwanza, akalimwaga ndani ya lori. La pili, humohumo. La tatu likamwaga mchuzi uliochacha juu ya karatasi ambazo watoto walizikunja asubuhi nzima.

"Mwalimu, mbona anachanganya?" kikauliza kitoto kimoja.

 Simu ya mwalimu ikalia. Alikuwa mchumba wake, hatua thelathini tu kutoka pale, kajibanza nyuma ya lori.

"Laazizi, usikasirike. Lori ni moja tu. Siku zote limekuwa moja."

"Siku zote? Na zile njia za kila pipa?"

"Nilitaka unione mtu wa maana."

"Mwaka mzima nawafundisha watoto wa watu uongo wako! Unanitia kinyaa. Siyo taka, ni wewe. Na kwa mama usije."

"Nifanye nini sasa, mpenzi?"

"Watoto wamesimama hapa, wamekuona. Waambie wao."

Akakata simu. Jukwaani, mkubwa wa kazi wa dereva alikuwa akiyasifia mapipa hayohayo, jasho likimtiririka ndani ya suti. Dereva akapanda, akaomba kipaza sauti.

"Watoto, mimi huwa nachanganya. Mapipa matatu, lori moja. Mwalimu wenu hakujua, nilimdanganya. Nisameheni."

Watu wakazomea. Mkubwa akampokonya kipaza sauti, kisha akanyoosha mkono kutaka ufunguo wa lori. Akapewa.

Dereva akashuka, akaja polepole hadi mbele ya mwalimu. Mchuzi uliochacha ulikuwa umemlowesha mpaka kifuani.

"Kazi nimeiacha kule juu," alisema. "Mama atamkubali mtu asiye na kazi?"

"Hilo utamuuliza mwenyewe."

"Ina maana nije?"

Mwalimu alimtazama. Kinyaa kilikuwa hakijamtoka, ila sasa kilikuwa cha harufu tu.

"Unanuka."

"Najua."

"Basi kaoge. Saa kumi na moja, usichelewe. Na hayo uliyoyasema hapa, uyaseme na kule kwa mama."